Gari Haliharibiki Ghafla

Kila inapotokea ajali kubwa barabarani, neno moja hurudi tena na tena katika maelezo ya mashahidi, ya madereva na hata ya taarifa rasmi. Neno hilo ni "ghafla". Breki zilifeli ghafla. Tairi lilipasuka ghafla. Usukani ulikatika ghafla. Husemwa kwa nia njema, na mara nyingi husemwa na mtu aliyeponea chupuchupu, ambaye kwake jambo lile lilikuwa la ghafla kweli. Hata hivyo, mbele ya sayansi neno hilo lina kasoro. Linataja dakika ambayo dereva aliitambua hitilafu. Halitaji wiki, miezi au miaka ambayo hitilafu ilichukua kukua. Uhai wa abiria umo ndani ya muda huo usiotajwa.

Makala haya yanashikilia rai moja. Sehemu muhimu za gari, karibu zote, huchakaa polepole kwa kanuni za fizikia na kemia ambazo mwanafunzi wa sekondari anazijua tayari au atazijua karibuni. Uchakavu huo waweza kupimwa, na vifaa vingi vya kuupimia ni vya bei ndogo. Kwa hiyo kazi ya kuupima isiachiwe fundi peke yake, wala isingojwe siku ya ukaguzi wa polisi. Yapasa ifundishwe shuleni, kwa kuwa ni sayansi halali.

Uzito wa jambo hili hauhitaji kutiwa chumvi. Shirika la Afya Duniani, katika taarifa yake ya mwaka 2023, lilikadiria kuwa watu wapatao milioni 1.19 hufa kila mwaka duniani kwa ajali za barabarani, na kwamba ajali hizo ndizo zinazoongoza kwa kuua watu wenye umri wa miaka 5 hadi 29. Huo ndio umri wa wanafunzi wote wa sekondari na wa walimu wao vijana.

Breki na hesabu ya joto

Yafaa kuanza na breki, kwa sababu ndizo zinazotajwa zaidi pamoja na neno "ghafla". Breki ni chombo cha kugeuza nishati ya mwendo kuwa joto. Ichukuliwe mfano wa basi lenye masi ya kilogramu 10,000 linalokwenda kilomita 72 kwa saa, yaani mita 20 kwa sekunde. Nishati yake ya mwendo, ambayo ni nusu ya masi mara mwendo kipeo cha pili, ni jouli 2,000,000. Dereva anaposimama, sehemu kubwa ya nishati hiyo huingia katika breki na kuwa joto. Kiasi hicho chatosha kuyafikisha kwenye kiwango cha kuchemka maji lita 6 hivi yaliyokuwa na nyuzi 20 za sentigredi. Hayo ni malipo ya kusimama mara moja tu.

Sasa basi hilohilo lishuke mteremko mrefu, mfano wa ile ambayo madereva wa masafa marefu huitaja kwa heshima: Kitonga katika barabara ya Morogoro hadi Iringa, Sekenke mkoani Singida, au kipande cha Salgaa na Sachangwan baina ya Nakuru na Eldoret. Ikiwa barabara inashuka kimo cha mita 300, nishati itokanayo na kimo hicho ni jouli zipatazo milioni 29.4, karibu mara 15 ya ile ya kusimama mara moja. Gari likishuka kwa mwendo usiobadilika, nishati hiyo yote lazima itafute pa kwenda. Likiwa katika gia ya chini, injini hubeba sehemu kubwa ya mzigo huo. Dereva akiondoa gia ili "kubana mafuta", karibu mzigo wote huangukia breki. Tena uchumi huo ni wa kujidanganya, kwani injini nyingi za kisasa hukata mafuta zenyewe gari linaposhuka likiwa ndani ya gia na mguu haupo kwenye akselereta.

Joto linapozidi, mambo matatu huweza kutokea. Kwanza, lainingi za breki hupoteza sehemu ya msuguano wake. Pili, dramu ya breki hutanuka kama metali yoyote inayopashwa moto, na lainingi hulazimika kusafiri mbali zaidi kabla ya kuigusa. Ikiwa breki haikurekebishwa kwa muda mrefu, safari hiyo huzidi uwezo wa mkono unaoisukuma, na dereva hukanyaga bila kupata nguvu anayoitarajia. Tatu, katika magari madogo yanayotumia mafuta ya breki, mafuta hayo huweza kuchemka.

Jambo hili la tatu lastahili kuelezwa zaidi. Mafuta ya breki hufanya kazi kwa kanuni ya Pascal: kanieneo inayotiwa mahali pamoja katika kimiminika kilichofungiwa huenea kote bila kupungua. Kanuni hiyo hutufaa kwa sababu kimiminika hakibaniki kwa urahisi. Lakini mafuta ya breki ya kawaida yana tabia ya kunyonya unyevu wa hewani, hasa katika miji ya pwani kama Tanga, Mombasa na Dar es Salaam ambako hewa imejaa mvuke. Mafuta ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya hayatakiwi kuchemka kabla ya nyuzi 205 za sentigredi. Yakishanyonya maji ya kadiri ya asilimia 3.7, kiwango kinachoruhusiwa hushuka hadi nyuzi 140. Mafuta yakichemka hutoa mvuke, na mvuke hubanika. Mguu wa dereva sasa unabana mapovu, na pedeli huzama hadi sakafuni.

Je, hapo pana "ghafla" gani? Unyevu uliingia kwa miaka. Lainingi zilikwisha milimita kwa milimita. Marekebisho yaliahirishwa tangu msimu wa mvua uliopita. Mteremko ulikusanya madeni hayo yote na kuyadai kwa dakika chache.

Dalili za deni hilo huonekana mapema. Chombo cha mafuta ya breki kina alama mbili, ya juu na ya chini. Mafuta yakishuka kuelekea alama ya chini, ama pedi zimelika ama pana mahali panapovuja. Mwenye gari anayeongeza mafuta bila kuuliza sababu ameufuta ujumbe kabla ya kuusoma. Pedeli inayozama polepole ikikanyagwa, pedeli laini kama sponji, gari linalovuta upande mmoja linaposimama, na mlio wa chuma kusaga chuma, vyote ni taarifa. Watengenezaji wengi hushauri mafuta ya breki yabadilishwe kila baada ya miaka miwili au mitatu, hata kama gari halikutembea sana. Katika malori na mabasi yanayotumia breki za upepo, matangi ya hewa yatolewe maji mara kwa mara, na geji ya upepo isomwe kabla ya safari.

Viganja vinne

Baada ya breki huja matairi, kwani breki husimamisha magurudumu tu. Kinachosimamisha gari ni msuguano baina ya tairi na barabara. Mwanafunzi anaweza kukadiria ukubwa wa mguso huo kwa hesabu fupi. Gari dogo lenye masi ya kilogramu 1,200 huweka uzito wa nyutoni 3,000 hivi juu ya kila gurudumu. Ikiwa tairi lina upepo wa kilopaskali 200, eneo linalogusa barabara ni kani gawanya kwa kanieneo: sentimita za mraba 150 hivi, karibu sawa na kiganja cha mtu mzima. Gari zima, na jamaa yote iliyomo, limeshika dunia kwa viganja vinne.

Upepo ukipungua kwa nusu, eneo hilo huongezeka, na baadhi ya watu hudhani kwamba mshiko umekuwa bora. Lakini ubavu wa tairi sasa hukunjwa na kukunjuliwa katika kila mzunguko. Tairi ambalo mzingo wake ni mita 2 huzunguka mara 500 kwa kila kilomita. Kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro, umbali wa kilomita zipatazo 190, ubavu huo hukunjwa mara 95,000. Mwalimu akimpa mwanafunzi kipande cha waya akikunje na kukikunjua haraka mara ishirini, kisha akiguse pale kilipokunjwa, atakuwa amefundisha somo lote. Kazi iliyofanywa imegeuka joto. Katika tairi, joto hilo hulegeza mshikamano wa mpira na nyuzi zilizomo ndani yake, mpaka siku moja ya jua kali tairi hupasuka, na ripoti huandikwa kwa neno lilelile.

Upepo upimwe matairi yakiwa baridi. Sababu yake imo katika kanuni za gesi. Tairi lenye geji ya kilopaskali 200 kwa nyuzi 27 lina kanieneo kamili ya kilopaskali 300, kwa kuwa hewa ya anga peke yake ni karibu 100. Likipata joto hadi nyuzi 57, yaani kutoka kelvini 300 hadi 330, kanieneo kamili hupanda kufikia 330, na geji husoma 230. Dereva asiyejua hili hutoa upepo njiani ili arudi 200. Tairi likipoa, geji yake itasoma 173 hivi. Alidhani amelitunza tairi, kumbe amelidhoofisha.

Kiwango kinachotakiwa kimeandikwa kwenye kibandiko kilichopo mara nyingi katika nguzo ya mlango wa dereva. Magari mengi ya Afrika Mashariki huja yakiwa yametumika Japani, na kitabu cha maelekezo, kama kipo, kimeandikwa kwa Kijapani. Lakini tarakimu za kibandiko husomwa na kila mtu, na kipimo chake ni kilopaskali, kizio kilekile cha darasani. Pampu ya kituo cha mafuta huenda ikawa na kipimo cha Kiingereza cha ratili kwa inchi ya mraba. Kilopaskali 220 ni sawa na ratili 32 hivi. Hapa badiliko la vizio halitakiwi na mtihani tu, bali na barabara pia.

Tairi pia huandika historia yake juu ya uso wake. Likilika katikati, lilijazwa upepo kupita kiasi. Likilika kingo zote mbili, upepo ulikuwa haba. Likilika ukingo mmoja, magurudumu hayakupangwa sawa. Kina cha mifereji kisipungue milimita 1.6, kiwango kinachotumiwa na sheria za nchi nyingi, na matairi mengi yana vinundu ndani ya mifereji vinavyolingana na uso wa tairi kiwango hicho kinapofikiwa. Mwisho, mpira huzeeka kwa oksijeni, ozoni na jua hata usipotembea. Tangu mwaka 2000 tarehe ya kutengenezwa imeandikwa ubavuni kwa tarakimu nne: 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mnunuzi wa tairi lililotumika anayesoma tarakimu hizo hadanganyiki kwa weusi wa rangi iliyopakwa jana.

Oili, maji na betri

Sehemu zinazofuata haziui mara nyingi kama breki na matairi, lakini hula fedha za wananchi kimyakimya.

Injini inayozunguka mara 3,000 kwa dakika huzungusha mhimili wake mara 50 katika kila sekunde. Mhimili huo hauguswi na beringi zake inapokuwa katika hali njema. Huelea juu ya utando wa oili wenye unene wa sehemu chache za elfu za milimita. Oili hulainisha, hupoza, huosha na huzuia kutu. Ipimwe kwa kijiti chake gari likiwa mahali tambarare na injini imezimwa kwa dakika kadhaa. Weusi peke yake si ushahidi wa ubovu, kwa maana kazi mojawapo ya oili ni kubeba masizi. Oili yenye rangi ya maziwa huashiria kuwa maji yameingia, na oili inayometameta chembe za chuma huashiria kuwa injini inajila. Taa nyekundu ya oili ikiwaka, injini izimwe mara moja, kwa maana kila mzunguko unaofuata huenda ukawa wa chuma juu ya chuma. Chujio la hewa lisisahaulike nalo: vumbi la barabara zisizo na lami lina chembe za kwatsi zilizo ngumu kuliko chuma cha kawaida, na vumbi hilo likichanganyika na oili hugeuka dawa ya kusagia injini.

Maji ya rejeta yana somo la jiografia ndani yake. Kwenye usawa wa bahari maji huchemka kwa nyuzi 100. Mbeya, yapata mita 1,700 juu ya usawa huo, huchemka kwa nyuzi 94 hivi. Mfuniko wa rejeta una springi na mpira unaofungia kanieneo ya ziada. Mfuniko unaozidisha kilopaskali 100 hupandisha kiwango cha kuchemka hadi nyuzi 120 hivi. Mpira huo ukichakaa, gari lililopanda salama mwaka jana litachemsha mwaka huu kwenye kilima kilekile, na fundi asiyetafakari ataanza kufungua injini. Wako wengi wanaodhani dawa ya rejeta ni ya nchi za theluji tu, hivyo hutia maji ya bomba. Dawa hiyo ina viambato vya kuzuia kutu, na maji ya bomba yana chumvi zinazoganda katika mirija kama ukoko unaoganda ndani ya birika la chai. Tahadhari moja isisahauliwe kamwe: mfuniko wa rejeta yenye moto usifunguliwe, kwa maana kanieneo ikishuka maji huchemka papo hapo na kumrukia mfunguaji.

Betri ya risasi na asidi iligunduliwa na Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859, na kemia yake ndiyo hiyo hadi leo. Seli 6 zenye volti 2.1 hivi kila moja hutoa volti 12.6 betri ikiwa imejaa. Asidi salfuriki hutumika kadiri umeme unavyotoka, hivyo densiti ya maji ya betri hupungua kutoka 1.28 hivi kuelekea 1.12. Haidromita ya maabara ya shule yatosha kuisoma betri ya aina inayofunguliwa, mradi kipimo chake kinafika densiti hizo. Iongezwe maji yaliyokenekwa tu, si asidi wala maji ya kisima. Isiletwe karibu na moto, kwani inapochajiwa hutoa haidrojeni inayolipuka.

Usukani, springi, shokapu, mikanda ya injini, taa, indiketa, waipa na mikanda ya usalama, vyote vina dalili zao, nazo ni rahisi. Usukani wenye mchezo mkubwa kabla ya magurudumu kutii, gari linalodunda mara nyingi baada ya shimo moja, mkanda wenye nyufa, na taa isiyowaka havihitaji mtaalamu ili vionekane. Vinahitaji mtu aliyeamua kutazama.

Pingamizi tatu

Pingamizi la kwanza husema kwamba ajali nyingi husababishwa na mwendo wa kasi, ulevi, uchovu na uzembe, wala si ubovu wa magari. Jambo hilo ni la kweli, na asiyelikubali hatafaa kuaminiwa katika mengine. Lakini kosa la mtu na hali ya gari hukutana katika umbali wa kusimama. Gari linalokwenda mita 20 kwa sekunde, likiwa na breki na matairi yanayopunguza mwendo kwa mita 7 kwa sekunde katika kila sekunde, husimama ndani ya mita 29 hivi baada ya breki kushika. Uwezo huo ukishuka hadi nusu, linahitaji mita 57. Katika mita 28 za tofauti aweza kuwapo mtoto anayevuka kwenda shule. Gari zima humsamehe dereva baadhi ya makosa, bali gari bovu humwadhibu mpita njia asiyekosa.

Pingamizi la pili ni gharama. Husemwa kuwa matengenezo ni anasa ya matajiri. Ukweli ni kinyume. Pedi iliyokwisha hula diski. Mfuniko mbovu wa rejeta huweza kupinda kichwa cha injini. Upepo haba huua tairi kabla ya wakati wake na huongeza matumizi ya mafuta. Katika kila mfano, kitu kidogo kilichopuuzwa kimeharibu kikubwa kuliko chenyewe. Na kwa kuwa mafuta na vipuri vingi huagizwa kutoka nje, hasara ya mtu mmoja mmoja ni hasara ya fedha za kigeni za taifa zima. Maskini ndiye asiyemudu kuacha kukagua.

Pingamizi la tatu husema kwamba kazi hii ni ya vyombo vya dola: magari hukaguliwa, stika hubandikwa kwenye kioo, na mambo yakaisha. Ukaguzi wa serikali ni wa lazima na wastahili kuungwa mkono. Lakini stika hueleza hali ya gari siku ile lilipokaguliwa. Haijui kilichotokea siku ya arobaini baadaye. Daktari ampimaye mtu mara moja kwa mwaka hachukui nafasi ya mtu kujua kwamba ana homa.

Yafaa pia kukiri kwamba yako mambo yanayotokea bila onyo. Msumari hautoi taarifa, na ufa mdogo uliojificha ndani ya chuma huweza kukua kwa kukunjwa mara nyingi bila jicho kuuona. Lakini hayo ni machache. Tena kinachokubaliwa kuwa ajali ya kweli hujulikana tu pale ambapo yote yaliyopimika yalikuwa yamepimwa.

Nafasi ya shule

Tarehe 30 Oktoba 1935, huko Wright Field katika jimbo la Ohio nchini Marekani, ndege mpya ya majaribio ya Boeing, iliyojulikana kama Model 299, ilianguka muda mfupi baada ya kuruka na kuua marubani wawili. Injini zake zilikuwa nzima. Kufuli inayozuia mabawa ya kuongozea yasipigwe na upepo ndege ikiwa chini haikuwa imeondolewa. Wahusika hawakuwa wajinga. Walikuwa miongoni mwa marubani wenye ujuzi mkubwa. Fundisho lililotokana na msiba huo ni orodha ya ukaguzi, inayosomwa hatua kwa hatua kabla ya kuruka. Urubani ulikubali jambo ambalo udereva haujalikubali bado: kwamba kumbukumbu ya mtu hodari haitoshi, na kwamba chombo hukaguliwa kwa saa na kwa idadi ya safari, hakingojwi kilalamike.

Shule nyingi zina gari moja angalau, au ziko jirani na mtu mwenye gari, trekta au pikipiki. Chombo hicho ni maabara ambayo tayari imelipiwa. Mwalimu wa fizikia, akishirikiana na dereva wa shule, anaweza kutenga saa moja kila wiki mbili. Gari liwe mahali tambarare, injini imezimwa na kupoa, breki ya mkono imevutwa na magurudumu yamewekewa vizuizi. Wanafunzi wapime upepo wa matairi, kina cha mifereji, oili, maji, mafuta ya breki na volti za betri, kisha waandike matokeo katika daftari pamoja na tarehe na kilomita zilizosomwa. Mwisho wa muhula wachore grafu. Mstari wa kina cha mfereji dhidi ya kilomita utashuka taratibu, na mwanafunzi ataweza kuuendeleza kwa rula mpaka ukate milimita 1.6, kisha ataje mwezi ambao matairi yatahitaji kubadilishwa.

Siku hiyo atakuwa ameelewa jambo kubwa kuliko tairi. Atakuwa ametabiri kwa vipimo jambo ambalo wengine watalipokea kama bahati mbaya. Sera ya Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 ilitaka darasa na kazi visitenganishwe, na shule za ufundi kama Ifunda, Moshi na Tanga zimekuwa zikiufundisha ufundi kwa miaka mingi. Kilichokosekana ni kuitoa maarifa hii nje ya karakana na kuitia katika somo la sayansi la kila mwanafunzi, awe anatarajia kuwa fundi, mwanasheria, mkulima au abiria tu. Abiria anayejua kusoma uso wa tairi kituoni ana haki na uwezo wa kuuliza swali kabla basi halijaondoka.

Jamii itaendelea kununua magari, na vilima vya Kitonga na Sekenke havitashuka kimo. Kinachoweza kubadilika ni daftari lililomo ndani ya kisanduku cha gari. Ikiwa ajali itatokea na daftari hilo lipo, limejazwa kwa tarehe na vipimo, mchunguzi atakuwa na pa kuanzia. Lakini lililo bora zaidi ni kwamba, mahali daftari hilo linapojazwa kwa uaminifu, mara nyingi mchunguzi hatakuwa na sababu ya kuitwa.